Mkato Uliopinda Nuru

Mwaka 1885 daktari wa macho kutoka Norway, Hjalmar Schiøtz, alichapisha katika jarida la Kijerumani habari za mgonjwa aliyepasuliwa mtoto wa jicho. Lenzi iliyoingia ukungu ilikuwa imetolewa na kidonda kilikuwa kimefunga. Jicho lilikuwa zima, jambo ambalo zama hizo lilitosha kumpa daktari jina zuri. Hata hivyo mgonjwa hakuona sawasawa. Schiøtz alipoipima konea, yaani tabaka angavu lililo mbele ya mboni, aliikuta imepinda kupita kiasi upande mmoja na kulala upande mwingine. Tofauti kati ya pande hizo mbili ilifika dayopta 19.5, dayopta ikiwa kipimo cha nguvu ya kukusanya nuru.

Leo mtu mwenye dayopta 2 za kasoro hiyo huona herufi za ubaoni zikiwa na kivuli, na jioni taa za magari humchanulia miale. Dayopta 19.5 hazina miwani ya kawaida ya kuzibeba. Schiøtz akaamua jambo lililohitaji ujasiri: akashika kisu tena. Alikata mkato wa milimita 3.5 ukingoni mwa konea, pale inapokutana na weupe wa jicho, katika mwelekeo ule uliopinda zaidi. Kidonda kilipopona, kasoro ilikuwa imeshuka hadi dayopta 7.

Kisa hicho kimoja kinabeba historia nzima inayofuata. Mkato wa kwanza ulileta kasoro, mkato wa pili ukaipunguza, na katikati yao palikuwa na daktari aliyekuwa na kipimo mkononi. Kwa zaidi ya karne mbili na nusu wapasuaji wa macho wamekuwa wakijifunza, polepole na kwa gharama ya macho ya watu, kwamba konea haisahau mahali ilipokatwa.

Kasoro yenyewe huitwa astigimatizimu. Konea ina upana wa takriban milimita 12 na katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, lakini ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya nuru: katika nguvu ya jicho ya takriban dayopta 60, konea huchangia kama 43. Ikiwa imepinda sawa pande zote, nuru hukutana mahali pamoja kwenye retina. Ikiwa umbo lake ni la mgongo wa kijiko, wenye mpindo mkali kwa upana na mpole kwa urefu, nuru ya upande mmoja hukusanyika mapema na ya upande mwingine huchelewa, na hakuna umbali ambao kitu huonekana kikiwa safi. Vipimo vyake ni vidogo mno. Nusu kipenyo cha mpindo wa konea ni karibu milimita 7.8; kikibadilika kwa sehemu moja ya tano ya milimita katika mwelekeo mmoja, mtu amepata dayopta moja ya astigimatizimu. Mpasuaji anayefanya kazi hapo hana nafasi ya kukosea.

Watu wengi huzaliwa na kiasi fulani cha kasoro hii, na waliotangulia kuieleza walijichunguza wenyewe. Thomas Young, daktari na mwanafizikia wa Uingereza, aliandika juu ya jicho lake mwaka 1801. Ili kuondoa nguvu ya konea alilizamisha jicho hilo majini, akaona kasoro ingalipo, akahitimisha kwamba kwake yeye ilitoka kwenye lenzi ya ndani. Mwaka 1825 George Biddell Airy, mtaalamu wa nyota wa Cambridge, aligundua kwamba kila alipotazama nukta ya mwanga kwa jicho la kushoto aliona mstari. Alipiga hesabu, akachora lenzi yenye mpindo upande mmoja tu, na fundi wa mji wa Ipswich akamtengenezea. Ilimfaa. Lenzi za aina hiyo ndizo mafundi wa miwani wanazozikata hadi leo kwa mtu mwenye astigimatizimu.

Lakini Young na Airy walikuwa na macho ambayo hayajaguswa na chuma. Kasoro inayotokana na upasuaji ina mwanzo wake mwingine, na mwanzo huo uko Ufaransa.

Kwa maelfu ya miaka, kuanzia India ya Sushruta, tabibu wa kale, hadi Ulaya, mtoto wa jicho alitibiwa kwa kuchomeka sindano jichoni na kuisukuma lenzi chini, itoke kwenye njia ya nuru. Tundu la sindano lilikuwa dogo. Lenzi ilibaki ikielea ndani, mara nyingi ikaleta uvimbe na upofu, lakini umbo la konea halikuvurugwa sana. Jacques Daviel, mpasuaji aliyefanya kazi Marseille kabla ya kuhamia Paris, aliachana na njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1740 alianza kuifungua konea na kuitoa lenzi nje kabisa, na mwaka 1752 alipeleka taarifa yake kwenye Chuo cha Kifalme cha Upasuaji huko Paris. Ilikuwa hatua kubwa kuliko zote katika tiba ya ugonjwa huu, na bila yeye hakuna mzee wa leo ambaye angetolewa mtoto wa jicho na kuendelea kuona kwa miaka.

Mkato wa Daviel ulikuwa mrefu. Aliingia upande wa chini wa konea kwa kisu, kisha akaupanua kushoto na kulia kwa mkasi mpaka zaidi ya nusu ya mzingo ikawa imefunguka. Hakukuwa na ganzi. Ganzi ya jicho ilikuja mwaka 1884, pale Karl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba matone ya kokeini humfanya mgonjwa avumilie kisu. Hakukuwa na uzi pia. Mgonjwa alifungwa macho yote mawili, akalazwa chali kwa siku nyingi, akakatazwa kukohoa na kugeuka, na familia ikaomba Mungu kingo mbili za kidonda zishikane.

Ziliposhikana, mara nyingi hazikushikana sawasawa. Kidonda kilichoachama kilijazwa na kovu, na kovu hilo liliifanya konea ilegee na kulala katika mwelekeo unaokatiza mkato, huku mwelekeo wa pili ukizidi kupinda. Mgonjwa alitoka na jicho wazi, lisilo na lenzi, linalohitaji miwani mizito ya dayopta 10 au zaidi. Alipovaa miwani hiyo bado aliona mambo yakiwa yamevutwa. Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyejua kwa hakika kwa nini. Madaktari waliridhika kwamba kipofu sasa anaweza kutembea bila kushikwa mkono, na si haki kuwalaumu: hawakuwa na chombo cha kupimia.

Chombo kilikuja kwa hatua. Hermann von Helmholtz, yule yule aliyetengeneza mwaka 1851 kioo cha kutazamia ndani ya jicho, alitengeneza pia mashine ya kupima mpindo wa konea kwa kutumia picha inayoakisiwa juu yake. Ilifaa maabara, haikufaa kliniki. Huko Utrecht, Uholanzi, Franciscus Cornelis Donders alikusanya vipimo vya macho mengi, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1864 alilitaja jambo hili waziwazi: miongoni mwa sababu za astigimatizimu imo ile inayopatikana baada ya mtoto wa jicho kutolewa. Mrithi wake, Herman Snellen, ambaye ubao wake wa herufi unaning'inia katika vyumba vingi vya kupimia macho, alipendekeza mwaka 1869 kwamba konea iliyopinda zaidi upande mmoja ingeweza kulazwa kwa kukatwa upande huohuo. Alikuwa ametoa wazo, hakulifanyia kazi.

Kisha Schiøtz alikwenda Paris kufanya kazi na Louis Émile Javal. Wawili hao walitoa mwaka 1881 mashine ambayo daktari yeyote angeweza kuiweka mezani. Mgonjwa huegemeza kidevu, daktari huchungulia kwa darubini fupi na kuona picha mbili za mwanga zikiakisiwa kwenye konea, moja ikiwa na ngazi. Akizungusha chombo kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine, picha hupandana; kila ngazi iliyopandwa ni dayopta moja. Kazi iliyokuwa inahitaji mwanafizikia na nusu siku ikawa ya dakika chache. Mashine za mtindo wao zilitumika kliniki kwa karne nzima iliyofuata.

Hatima ya Javal inauma. Mtu aliyewapa madaktari wenzake macho ya kupimia alipofuka mwenyewe kwa presha ya macho. Kufikia mwaka 1900 hakuwa akiona, na mwaka 1903 alitoa kitabu cha kuwashauri vipofu wenzake namna ya kuishi. Mwaka 1905 Schiøtz, rafiki yake wa zamani, alitoa chombo rahisi cha kupimia presha hiyo, kile kinachowekwa juu ya konea kwa uzito wake. Javal alifariki mwaka 1907.

Sasa inaeleweka kwa nini ni Schiøtz, na si mwingine, aliyemrudisha mgonjwa mezani mwaka 1885. Yeye aliweza kuiona kasoro kwa tarakimu. Wenzake wengi waliona tu mgonjwa anayelalamika.

Kilichokosekana ni kanuni. Mholanzi mwingine, Leendert Jan Lans, aliitafuta kwa kukata konea za sungura mjini Leiden na kupima kila kilichotokea. Matokeo aliyochapisha mwaka 1898 yangali yanafundishwa: mkato huilaza konea katika mwelekeo unaoukatiza na kuipandisha katika mwelekeo wa nyuzi 90 kutoka hapo, mkato wa kina kirefu una nguvu kuliko wa juujuu, na mkato mrefu una nguvu kuliko mfupi. Katika sentensi hiyo imo kazi yote ya karne ya 20.

Wengine waliikimbilia bila subira. Tsutomu Sato wa Tokyo, kuanzia miaka ya 1930, aliwakata wagonjwa wenye astigimatizimu na wasioona mbali kwa mikato ya ndani na nje ya konea. Mwanzoni waliona vizuri. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba upande wa ndani wa konea una tabaka la seli zinazotoa maji nje ili ibaki angavu, na kwamba seli hizo kwa binadamu hazioti tena. Miaka mingi baadaye konea za wengi wao zilivimba na kuingia ukungu.

Swali la uzi nalo lilikuwa limefunguliwa zamani. Henry Willard Williams wa Boston alishona kidonda cha mtoto wa jicho kwa uzi mwembamba wa hariri katika miaka ya 1860, lakini sindano na nyuzi za wakati ule zilikuwa nene kwa jicho, na wengi hawakumfuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika kwa kasi. Hadubini iliingia chumba cha upasuaji, na baadaye ukaja uzi wa nailoni ambao unene wake ni kama theluthi ya unywele. Kwa mara ya kwanza mpasuaji aliweza kufunga kidonda kikabaki kimefungwa.

Ndipo ilipotokea kasoro ya upande wa pili. Uzi uliokazwa sana huvuta kingo na kuifanya konea ipinde kwa ukali katika mwelekeo wa uzi huo. Uzi uliolegea huacha kidonda kiachame kama zamani. Sasa mgonjwa alikuwa na nyuzi tano, sita au saba zilizopangwa juu ya jicho, kila mmoja ukivuta kwa nguvu yake.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo Harold Ridley alipofanya jambo ambalo wakubwa wengi wa fani yake walilipinga kwa miaka. Wakati wa vita aliwatibu marubani waliopata vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, akaona kwamba plastiki ile ilikaa ndani ya jicho bila kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', London, alimtoa mtoto wa jicho mwanamke mwenye umri wa miaka 45, na katika hatua iliyofuata Februari 1950 akamwekea lenzi ya plastiki hiyo. Lenzi ilikaa. Vipimo vya baada yake vilionyesha kwamba ilikuwa na nguvu kupita kiasi, hivyo mgonjwa akawa haoni mbali, na juu ya hayo palikuwa na dayopta 6 za astigimatizimu. Lenzi ya kwanza katika historia iliingia jichoni kupitia mkato ambao wenyewe uliharibu sehemu ya faida yake.

Kosa la nguvu ya lenzi lilirekebishwa kwa hesabu bora. Kosa la mkato lilihitaji muda zaidi.

Katika miaka ya 1970 na 1980 mkato wa kawaida ulikuwa na urefu wa milimita 10 hadi 12, na wapasuaji makini walibuni mbinu za kuusimamia. Mojawapo inastahili kukumbukwa kwa sababu haikuhitaji pesa. Mreno Antonio Plácido alikuwa ameonyesha mwaka 1880 kwamba duara linaloakisiwa kwenye konea hufichua umbo lake. Wapasuaji walichukua wazo hilo na, badala ya chombo cha bei, wakashika juu ya jicho kichwa cha mviringo cha pini ya kufungia, kikiwa kimechemshwa na kusafishwa. Chini ya taa ya hadubini, taswira ya pini ikionekana duara, nyuzi zimekazwa sawa. Ikionekana yai, uzi wa upande mwembamba umebana, nao hufunguliwa na kufungwa upya mgonjwa akiwa bado mezani.

Mbinu ya pili ilikuwa ya kusubiri. Wiki sita, nane au zaidi baada ya upasuaji mgonjwa alirudi, akapimwa, akatiwa tone la ganzi, na uzi uliobana ukakatwa kwa ncha ya sindano. Konea ilijirudisha, wakati mwingine dayopta kadhaa kwa siku chache. Hapo tu ndipo alipoandikiwa miwani.

Mpango huo ulikuwa mzuri kwa mtu anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali. Kwa bibi wa kijijini aliyesafirishwa na gari la kambi ya macho, akalala usiku mmoja na kurudishwa kwao, miadi ya wiki ya nane ilikuwa nauli isiyokuwepo na mjukuu asiyeweza kuacha shamba. Uzi ulibaki. Bibi aliona mwanga, aliona watu, lakini sura zao zilivutwa, naye akawaambia majirani kwamba wamempasua na ukungu bado upo. Maneno hayo yalitembea kuliko gari la kambi. Mtu yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini wazee wengine Afrika Mashariki huogopa upasuaji wa macho atafute sehemu ya jibu hapo, kabla ya kuwasingizia ujinga.

Ukombozi ulianzia kwenye kiti cha daktari wa meno. Charles Kelman wa New York alikuwa akitafuta namna ya kuitoa lenzi bila kulifungua jicho lote. Akiwa amekaa anasafishwa meno, alihisi chombo kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, akafahamu kwamba mtetemo huo ungeweza kuivunja lenzi ndani ya jicho na kuifyonza. Mwaka 1967 alimfanyia mgonjwa wa kwanza. Mkato ulikuwa wa milimita 3. Kanuni ya Lans ilitabiri vizuri: mkato mfupi, mpindo kidogo.

Ajabu ni kwamba faida hiyo ilipotea mlangoni kwa miaka mingi. Lenzi ya plastiki ya kuweka ndani ilikuwa ngumu, na kipenyo chake kilikuwa milimita 6, kwa hiyo mkato wa Kelman ulipaswa kuongezwa mara mbili mwishoni ili lenzi ipite, kisha ushonwe. Mwaka 1984 Thomas Mazzocco alianza kutumia lenzi ya silikoni inayokunjika. Iliingia ikiwa imekunjwa, ikajifungua ndani. Kutoka hapo mkato mdogo ukabaki mdogo, na uzi ukaanza kuondoka kwenye meza.

Mashine ya Kelman ni ghali, na inahitaji umeme wa uhakika na fundi. Kwa sehemu kubwa ya dunia jibu lilipatikana kwa mikono mitupu, na hapa ndipo historia hii inapopata uzuri wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapasuaji kadhaa, wakiwemo Paul Koch na Jack Singer wa Marekani, walichunguza umbo la kidonda chenyewe. Waliona kwamba mkato ukianzia nyuma kidogo, kwenye weupe wa jicho, ukachimbwa kama njia ya ndani mpaka kwenye konea, hujifunga wenyewe kwa presha ya jicho. Ukikatwa kwa tao ambalo ncha zake mbili zinaelekea mbali na konea, huivuta konea kidogo sana. Na jinsi unavyorefuka, ndivyo madhara yake yanavyopanda kwa kasi kuliko urefu wenyewe.

Sanduk Ruit, mzaliwa wa kijiji cha milimani mashariki mwa Nepal, aliichukua njia hiyo na kuifanya dawa ya maskini. Alikuwa amefanya kazi na daktari Fred Hollows wa Australia, aliyeshikilia kwamba mkulima wa Asia au Afrika anastahili lenzi ileile anayopewa tajiri wa Sydney. Hollows alifariki mwaka 1993. Mwaka uliofuata viwanda vya kutengeneza lenzi za bei nafuu vilikuwa vimeanzishwa Kathmandu na Asmara, Eritrea. Ruit aliitoa lenzi yote kwa mkono kupitia njia isiyoshonwa, akauhamisha mkato kutoka juu ya jicho kwenda upande wa sikio. Kuhama huko kuna maana. Konea ni pana zaidi kwa ulalo, kwa hiyo mkato wa pembeni uko mbali na katikati. Na wazee wengi tayari konea zao zimepinda zaidi katika mwelekeo huohuo, hivyo mkato unapoilaza, unawapunguzia kasoro badala ya kuwaongezea.

Je, njia hiyo ilikuwa ya daraja la pili? Jibu lilichapishwa mwaka 2007, baada ya Ruit na wenzake kuwagawa kwa kura wagonjwa 108 nchini Nepal: nusu wakapasuliwa kwa mashine na mtaalamu wa Marekani, nusu kwa mkono bila uzi. Baada ya miezi sita asilimia 98 ya kila kundi waliona 6/18 au zaidi kwa miwani, yaani waliona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 18. Astigimatizimu ya wastani ilikuwa dayopta 0.7 kwa mashine na 0.88 kwa mkono, tofauti ambayo mgonjwa hawezi kuihisi. Mashine ilichukua dakika 15.5, mkono dakika 9.

Utafiti mwingine, wa Pune nchini India, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha mkato mrefu wenye nyuzi na mkato mfupi usioshonwa. Wiki sita baada ya upasuaji, bila miwani, waliofikia 6/18 walikuwa asilimia 37.3 kwa mkato mrefu na 47.9 kwa mkato mfupi. Kisha wote wakapimwa kwa miwani: 86.7 na 89.8. Tarakimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. Mkato mfupi ni bora. Na miwani, kwa bei yake ndogo, iliwapa uoni mzuri zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa wa kila kundi ambao bila hiyo wangeonekana kama upasuaji wao haukufaulu.

Hospitali za Afrika Mashariki zilipitia mageuzi hayohayo. Madaktari wa kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, Kenya, waliandika matokeo ya kila jicho walilolipasua, wakayarudia na kuyajadili wao kwa wao, na mwaka 2002 wakachapisha kwamba kufuatilia matokeo kwa namna hiyo kuliboresha kazi yao. Uamuzi huo, wa kuhesabu uoni wa mgonjwa badala ya idadi ya wagonjwa, una uzito sawa na uvumbuzi wa chombo.

Kwa walio na uwezo, hatua ya karibuni ni kuiacha konea kama ilivyo na kuisahihisha kasoro kwa lenzi yenyewe. Kimiya Shimizu wa Japani aliweka mwaka 1992 lenzi ya kwanza ya ndani yenye mpindo wa upande mmoja, lile wazo la Airy likiwa limehamia nyuma ya mboni. Kuiweka kunadai usahihi mkubwa: lenzi ikizunguka nyuzi 10 tu, theluthi ya faida imepotea, ikizunguka 30, yote imepotea. Kwa sababu jicho hujizungusha kidogo mtu anapolala chali, mpasuaji humchora mgonjwa alama ya wino ukingoni mwa konea akiwa bado ameketi wima.

Na si mtoto wa jicho peke yake. Eduard Zirm alipofanikiwa kupandikiza konea huko Olomouc, mwaka 1905, alifungua mlango wa tiba ambayo astigimatizimu ni mgeni wake wa kudumu, maana konea mpya hushonwa kwa duara zima na kila uzi huvuta. Vijana wenye konea zilizochongoka wanaopandikizwa leo huishi na dayopta nne au tano, na hurudi kliniki kwa mwaka mzima au zaidi uzi mmoja baada ya mwingine ukikatwa. Richard Troutman wa New York alitumia miaka yake mingi akiwatafutia nafuu kwa mikato midogo kwenye kovu, kazi ileile aliyoianza Schiøtz.

Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha lengo jipya la kufikia 2030: huduma ya mtoto wa jicho yenye matokeo mazuri iongezeke kwa pointi 30 za asilimia. Katika hesabu hiyo jicho lililopasuliwa likabaki na uoni hafifu halihesabiki, hata kama mkato ulipona vizuri na cheti kikatolewa. Serikali zilizokuwa zikitangaza maelfu ya operesheni sasa zinaulizwa wangapi kati yao wanaona.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mama, baba au babu aliyetoka kupasuliwa jicho, usikubali safari yake iishie siku ya kufunguliwa bandeji. Mrudishe kliniki kwa miadi ya wiki ya sita au ya nane hata kama anasema anaona. Omba apimwe konea na miwani, uliza kama ana uzi uliobaki, na kama bado anaona mambo yamevutwa au yana kivuli, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Hali hiyo ina kipimo na ina tiba.